Pampu Niliyoiweka kwa Jina Lako

Mama,

Kila Alhamisi nakusomea Yasini, lakini hili la kisima lataka kuandikwa. Kwanza nikutoe wasiwasi: nyumba iko, sote wazima, na aliyekosea ni mimi binti yako.

Wakumbuka ulivyokuwa ukifunika kisima cha uani kila adhuhuri mpaka alasiri? Majirani walisimama na ndoo zao wakikunung'unikia, maana wote wana haki ya kuteka hapo. Nami niliona haya, nikadhani mama yangu ana mkono wa birika. Wewe ulijibu neno moja tu: "Kisima nacho hupumua."

Ulipofariki, mimi na kaka Salim tulitaka upate sadaka isiyokatika. Tukatia pampu, tukaweka tangi, na mfereji wa bomba mlangoni, na jina lako ukutani. Mtaa mzima ukakuombea dua. Kisha ikaja mikokoteni ya wauza maji, mitungi kwa mitungi, tangu alfajiri mpaka isha. Sikuwakataza. Nani huwanyima watu maji ya marehemu? Majirani wawili wakaona jambo jema hilo, nao wakatia pampu kwenye visima vyao. Kumbe huko chini maji ni yale yale.

Mwanzo maziwa yalikatika kwenye chai, nikamgombeza muuza maziwa bure, maskini wa Mungu. Kisha sabuni ikakataa kutoa povu. Mwisho nikaonja mwenyewe: chumvi tupu. Tulikuwa tumevuta maji baridi, yale yasiyo na chumvi, mpaka yakaisha, na bahari ikaingia mahali pake. Mama, nililia pale pale kisimani, kikombe mkononi.

Nikamwambia Salim kwamba naing'oa pampu. Akanikasirikia kweli. "Wataka kumkatia mama thawabu zake?"

"Thawabu gani, na maji hayanyweki?"

Fundi akaing'oa siku ile ile. Kisha nikapiga hodi kwa wale majirani wawili, nikawaeleza kosa langu kwanza, ndipo nikafika kwenye lao. Mmoja alizima yake kabla sijamaliza kahawa. Wa pili, Bwana Karim wa duka la vitambaa, huniambia kesho, kesho. Nami kila kesho niko mlangoni kwake. Atachoka yeye, mimi sichoki.

Siku hizi twateka kwa kamba, na adhuhuri nafunika mimi. Wananinung'unikia, wala sioni haya tena. Masika imenyesha vizuri, na juzi nilipoonja chumvi ilikuwa imepungua. Haijatoka, ila imepungua, na itatoka.

Nisamehe, mama. Ulikuwa na haki, nami nilikuonea aibu mbele za watu. Mola akulaze pema. Dua zangu hutazikosa, lakini naahidi: maadamu ni hai, pampu haitashuka tena katika kisima kile, hata kwa jina lako.

Mwanao,
Rehema