Baba Alisema Kumi na Tano

Jumamosi, Kinoo. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, nguo za jana bado zinanuka unyevu kwenye kamba.

Sina hamu ya kuandika. Ila nisipoandika nitalala na kitu hiki kifuani.

Leo nilitoka kununua tairi mbili za gari la Baba. Ni gari dogo jeupe alilonunua alipostaafu, na ndilo hupeleka wanangu wawili shule, kwa sababu saa hiyohiyo mimi huondoka kwenda kazini Upper Hill. Tunaishi ploti moja: yeye na Mama nyumba ya mbele, mimi na watoto nyumba ya nyuma. Juzi niliona tairi ya mbele ya kushoto imevimba ubavuni kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ya nyuma, upande uo huo, imechubuka vibaya. Baba alisema ni mashimo. Nikakubali. Nani atabishana kuhusu mashimo ya barabara zetu?

Jana nilimpigia simu nikiwa ofisini, nikamwomba aniangalizie saizi. Akatoka nje na simu, kisha akanisomea polepole kama mwalimu wa imla: mia na themanini na tano, sitini, kumi na tano. Baba alikuwa karani wa stoo maisha yake yote. Hajawahi kunipa namba nikaitilia shaka.

Asubuhi, pale Kirinyaga Road, muuzaji aliniuliza mara mbili. "Kumi na tano? Na gari si ni ndogo?" Nikamwambia babangu ndiye aliyesoma. Nilisema kwa maringo kidogo.

Nilipanda teksi na tairi zangu mpaka kwa fundi wetu karibu na Adams Arcade. Baba alikuja na gari kutoka nyumbani, peke yake, mpaka hapo Ngong Road. Naifikiria safari hiyo hadi sasa.

Fundi aling'oa gurudumu, akavua tairi kuukuu, akajaribu mpya. Ikaanguka juu ya rimu na kucheza huku na huku, kama pete ya mtu mnene kwenye kidole chembamba.

"Madam, hii haitakaa. Rimu ni kumi na tatu. Umeleta kumi na tano."

Baba alikasirika. Akasema fundi hajui kusoma. Akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, magoti yakimlalamikia, ili atuonyeshe.

Lakini hakutazama. Aliweka vidole.

Alipitisha kidole cha shahada juu ya zile namba zilizochomoza kwenye mpira, moja baada ya nyingine, uso ameuelekeza barabarani kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Ile ya mwisho akaipapasa tena na tena.

"Tano," akasema. "Si nilisema?"

Ilikuwa tatu. Niliiona nikiwa nimesimama wima nyuma yake.

Fundi alinitupia jicho, kisha akajifanya anatafuta spana.

Nilimshika Baba mkono tukaenda kuketi ndani ya gari. Nilimuuliza ni tangu lini.

"Hili jicho la kushoto limezimika kabisa, mami." Huniita mami kwa sababu nimebeba jina la mamake. "La kulia naona katikati tu, kama natazama ndani ya chupa. Na hapo katikati pia pana ukungu."

"Na unabeba watoto, Baba?"

"Barabara ya shule naijua."

Alisema hivyo tu. Barabara ya shule anaijua.

Nilitaka kupiga kelele. Sikuweza, kwa sababu alikuwa akipangusa usukani kwa kiganja, taratibu, kama anayepangusa meza kabla ya kula. Tairi za kumi na tatu fundi alizipata duka la jirani, akazifunga. Zangu muuzaji amekubali kwa simu nizirudishe. Niliendesha mimi kurudi Kinoo. Baba alipoketi upande wa abiria, mkono wake, kwa mazoea ya dereva, ulipanda bega la kulia kutafuta mkanda, ukapapasa, ukakosa. Nikamfunga mimi.

Nyumbani nilimuuliza binti yangu, aliye darasa la tatu, kama kuna jambo lolote huwa wanaliona garini na Guka, kama wanavyomwita babu yao. Alifurahi kuniambia. Huwa wanacheza mchezo wa taa. Wakikaribia makutano, Guka anauliza ni rangi gani, na anayejibu kwanza anapata peremende.

"Na mimi hushinda karibu kila siku," akasema.

Niliingia bafuni nikafungua mfereji ili wasinisikie.

Ukweli ni kwamba dalili nilikuwa nazo. Alikuwa ameacha kusoma gazeti. Alikuwa anangoja mtu aongee ndipo amsalimie kwa jina. Chai ilikuwa inafurika kikombeni, na Mama anafuta meza bila neno. Niliona yote hayo, na kila asubuhi nikawafunga watoto wangu mikanda kwenye kiti cha nyuma, nikakimbilia kazi yangu. Ilinifaa nisijue.

Jumatatu nitaomba ruhusa nimpeleke kliniki ya macho. Nimesoma kwenye simu kwamba kuna ugonjwa unaoiba macho namna hii, kutoka pembeni kuingia katikati, na kilichoibwa hakirudi. Naomba uwe mwingine. Nimemwambia pia kwamba watoto nitawapeleka mimi. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumenya chungwa lake.

Jioni nikasikia gari likiwaka. Nilitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Gari lilikuwa palepale. Baba alikuwa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, wiper zikifuta manyunyu.

"Naipasha moto tu, mami. Betri isilale."

Nilifungua mlango wa pili nikaketi karibu naye. Vioo vikajaa mvuke mpaka hata mimi sikuona nje. Baada ya muda akazima mwenyewe, akachomoa ufunguo, akaniwekea mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

Kesho Jumapili. Kanisa si mbali. Tutaenda kwa miguu, na akitaka, atanishika mkono.