Papa Furaha, Sanduku Lako Tumelifungua

Papa Furaha,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, na ndiyo iliyonikasirisha, kwa hiyo tuyaache hayo. Nimejilaumu miezi yote hii mpaka nimechoka. Leo ni zamu yako.

Mkeo amerudi. Mipaka imefunguliwa, ndege zinatua tena Sydney, na Jumamosi yeye na Furaha walishuka kutoka Bujumbura, kule walikokwenda kumzika bibi kwa safari fupi, ugonjwa ukawafungia nje karibu miaka miwili. Mzee Hamisi alitupeleka nyumbani kwenu Rooty Hill kwa gari lake. Watu wa kanisa lenu walikuwa wamemsihi mwenye nyumba asiguse kitu, na kweli hakugusa. Gereji iko vilevile: madumu ya maji, magunia ya mchele na maharagwe, mitungi ya gesi, rafu ya riwaya zetu. Na chini ya rafu, lile sanduku la kijani uliloliandika kwa kalamu nene: SIKU YENYEWE.

Nililifungua mimi. Juu kabisa kulikuwa na kipimo cha oksijeni, kile kidogo cha kubana kidoleni nilichokuletea mwenyewe. Kilikuwa bado ndani ya plastiki yake. Nilikuonyesha kwenye kidole changu jinsi kinavyofanya kazi, nikakuambia kikishuka chini ya tisini na mbili usinipigie mimi, piga ambulensi. Ukaitikia vizuri, "merci dada, merci," kisha ukaenda kukiweka akiba.

Akiba ya siku gani? Ulikuwa unasubiri siku gani, wewe mtu?

Watu hawakutuelewa, na sikuwahi kujali. Kule ghalani ulikofanya kazi walikuita mzee wa maharagwe. Lakini mimi sikuingia kwenye kundi letu kwa ajili ya maharagwe, niliingia kwa ajili ya vitabu. Nilikukuta kwenye duka la mitumba Parramatta umeshika riwaya ya vita niliyokuwa naitafuta, ya wanajeshi waliopotea jangwani, ukakataa kuiachia. Ukasema utanipa ukiimaliza, kwa sharti moja: nikunje pembe ya ukurasa ambao mimi ningekufa. Nilidhani unatania. Hukuwa unatania, na ndiyo ikawa desturi yetu. Kila aliyesoma alikunja pale ambapo yeye, angekuwa ndani ya hadithi, angekufa, halafu Jumamosi anakuja gerejini kutetea mkunjo wake.

Mzee Hamisi, na ubishi wake wote wa Kitanga, alikuwa anakufa mapema katika kila kitabu. Alisema kwa magoti yale hawezi kuudanganya umma. Mimi nilikufa katikati, karibu kila mara nikirudi kumchukua mtu, na ukanicheka kwamba unesi utaniua. Wewe hukukunja kitu. Ulikuwa umekimbia vita kweli kutoka Uvira, mdogo wako yuko mgongoni, na riwaya za watu walioketi kwenye viti vizuri hazikukutisha. "Huyu mwandishi hayakimbia hata siku moja," ulikuwa unasema kwa Kiswahili chako cha Uvira, kisha unatupangia hadithi upya. Mto usivukwe hapo. Moto usiwashwe mchana, moshi unamwita adui. Mlango ukigongwa, nyamaza. Tulikusikiliza kama watoto. Nilikuwa naendesha gari kurudi kwangu Toongabbie nikijiambia, dunia ikiharibika, mimi nitajificha kwa Papa Furaha.

Basi ikaharibika. Mwaka wa pili wa korona wakaifunga Sydney Magharibi, helikopta zikawa juu ya paa zetu, na wanajeshi wakaanza kutembea na polisi mlango kwa mlango. Sikulaumu kwa kukaa chini ya dirisha walipopita. Mtu aliyewahi kugongewa na wanajeshi hahitaji kuniomba msamaha kwa hilo. Ninachokulaumu ni kwamba nilikuuliza, kwa simu, kama hii sasa ndiyo siku yenyewe, ukacheka. "Haiyafika, dada. Siku yenyewe utaisikia na masikio." Kwa sababu taa zilikuwa zinawaka. Kwa sababu maduka yalikuwa wazi na hakukuwa na mlio wa bunduki. Ukapanga foleni dukani, umebanana na watu, kununua maharagwe ya kula ili yale ya gereji yasiguswe. Labda ndiko ulikoupata ugonjwa. Sijui. Nikiwaza foleni ile nataka kuvunja kitu.

Halafu mlango wako. Wengine walikuwa wamefungiwa ndani ya kilomita tano, lakini mimi nilikuwa na kibali cha kazi, kwa hiyo nikitoka kwa wazee wangu ninaowauguza nilipitia kwako na kitabu. Ile hadithi ya vitabu vitatu, ya ndugu wawili waliojificha milimani baada ya vita. Cha kwanza nilikiweka kwenye ngazi. Niliporudi ulikohoa kabla ya kusema. Nikauliza. Ukajibu ukiwa nyuma ya mlango, "Niko bien, dada. Ni vumbi ya ghala. Leta ya pili." Nikakuambia sikubali, vaa kipimo unisomee. Nikasubiri, nikafikiri unakivaa. Kisha ukasema tisini na saba.

Tisini na saba, Papa Furaha. Namba nzuri. Niliiamini, nikakuachia kitabu cha pili kwenye ngazi, nikaenda nyumbani nikalala vizuri. Na kipimo kilikuwa kwenye plastiki, ndani ya sanduku, gerejini. Namba ile uliitoa wapi?

Mpaka Jumamosi nilikuwa nadhani hali ilikugeukia ghafla, huwa inatokea, nimeiona kazini. Sasa najua ulinidanganya. Mzee Hamisi anasema ulikuwa unanikinga, kwamba ulijua ningeingia, na nikiingia ningewapelekea wazee wangu ugonjwa. Inawezekana. Kuingia kwa wagonjwa ndiyo kazi yangu. Nina barakoa, nina gauni, nina glavu, nina akili. Nani alikuomba unikinge?

Siku mbili baadaye hukupokea simu. Hamisi, na magoti yake yale, akauvunja mlango. Kitabu cha pili kilikuwa kitandani kando yako. Kilikuwa wazi karibu na mwisho wake. Hukuwa umekunja ukurasa wowote.

Tukakuzika watu kumi, tumeachana kama miti ya barabarani, mkeo akiangalia kwenye simu niliyoishika juu. Mtandao wa Bujumbura ulikatika pasta akiwa katikati ya sala. Sikuwa na la kufanya ila kuendelea kuishika.

Jumamosi, sanduku likiwa wazi mbele yetu, Furaha aliuliza kwa Kiingereza chake kwa nini Papa hakukitumia kile kipimo. Anaelewa kila kitu, mtoto yule, ila anajibu kwa lugha ya shule. Mama yake akainuka, akachana gunia la maharagwe, akayaosha na kuyaweka jikoni. Tumeyala, Papa Furaha. Yalikuwa ya zamani, yamekataa kuiva, tukayala hivyo hivyo. Magunia mengine tumewapa majirani, wale uliokuwa hutaki wajue una nini.

Unakumbuka sheria yetu, asiyemaliza haambiwi mwisho. Nilikuwa nimeapa sitakuambia, iwe adhabu yako. Lakini kitabu cha tatu nimekisoma na siwezi kukaa nacho peke yangu.

Ndugu mdogo anavuja damu pangoni. Adui wamejaa bondeni. Wewe ungesema nyamaza, subiri giza. Kaka yake anakusanya majani mabichi, anayawasha mchana kweupe, moshi unapanda mpaka juu ya mlima. Hajui nani atakuja. Wanaokuja ni watu wa bondeni aliowaogopa tangu kitabu cha kwanza, na wamebeba machela. Mdogo anapona. Ndiyo mwisho wenyewe. Mimi sikukunja, na Mzee Hamisi, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, amefika ukurasa wa mwisho akiwa hai. Alilia. Alisema ni macho.

Bado nimekukasirikia, na nadhani nitaendelea. Pumzika tu, kaka yangu, hasira yangu haikuzuii kupumzika. Jumamosi zitaendelea palepale gerejini, mlango ukiwa wazi, na Furaha ameomba kitabu cha kuanzia. Kile kipimo nilikitoa kwenye plastiki nikakivalisha kidole chake. Kilimbana akacheka. Tisini na nane. Hiyo nimeisoma kwa macho yangu, na nakuahidi, mtu wangu yeyote akiniambia tena yuko bien nyuma ya mlango, nitauvunja kwanza, kisha ndipo nitamuuliza namba.

Dada yako,
Njeri