Mchemraba Wenye Vipeo Kumi

Jumapili, 4 Mei

Leo miezi kumi na mmoja na siku tatu tangu nitoke nyumbani. Mgongo kama wa kuazima. Binti yangu kapiga simu. Si kuuliza narudi lini — kauliza hesabu! Kapewa kazi ya shule: kopo, mpira na mchemraba, kila kimoja kina nyuso ngapi, kingo ngapi, vipeo vingapi. Kanieleza mwenyewe: uso ni ubavu wa nje, ukingo ni pale nyuso mbili zinapokutana, kipeo ni ile ncha ya kona. Mama yake kamwambia muulize baba yako. Mimi! Niliyeachana na shule darasa la tano kwa makubaliano ya pande zote mbili. Lakini mchemraba? Kutwa nashindilia zege kwenye kalibu za chuma, natoa michemraba, inapelekwa maabara ivunjwe waone kama jengo litasimama. Hapo kaja kwa mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Saa ya chakula nimechukua mchemraba mmoja, nikautia alama za chaki nisirudie kuhesabu. Kopo rahisi: nyuso tatu, kingo mbili, kipeo hamna. Mpira uso mmoja tu, hauna ukingo wala kipeo — kama msimamizi wetu, hana pa kumshikia. Mchemraba: nyuso saba, kingo kumi na tano, vipeo kumi. Nimehesabu mara tatu. Nimetuma ujumbe. Nimekula kwa raha kama mwalimu mkuu.

Jumatano, 7 Mei

Kopo sahihi. Mpira sahihi. Mchemraba — kosa, tena kwa wino mwekundu! Mwalimu kasema nyuso sita, kingo kumi na mbili, vipeo vinane. Binti kasimama: baba yangu ndiye anayeitengeneza, wewe mwalimu umewahi kutengeneza hata mmoja? Darasa likaangua kicheko. Katolewa nje. Haingii mpaka aombe radhi au aje na mzazi. Kuomba radhi kagoma. Mke wangu anasema kichwa kigumu hivyo hakukitoa kwao.

Kwetu, basi.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi mpaka rangi ninayeishi naye chumba kimoja kaushika ule mchemraba, kaupitisha kidole, kaniuliza: "Ndugu yangu, hii kona imekwenda wapi?"

Imemeguka! Niliigonga kwa nyundo nilipokuwa nafungua kalibu. Kimeondoka kipeo kimoja, vimekuja vitatu, na uso mpya, na kingo tatu juu yake. Hesabu yangu haina kosa hata moja. Mwenye kosa ni mchemraba. Nikachukua mzima: vinane. Nikahesabu tena huku naomba Mungu. Vinane. Mpaka rangi kacheka mpaka kakalia ndoo. Ilikuwa na rangi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepiga simu nikiri. Kabla sijafungua mdomo, binti kasema bado anakaa nje, anasikiliza somo dirishani, lakini hajali, maana baba hakosei. Nikasema: ndiyo, mama. Ndiyo, mama! Jitu zima la kilo themanini na tano, naogopa mtoto wa darasa la nne.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeomba ruhusa. Msimamizi kauliza, kuna msiba? Nikasema hapana bosi, kuna hesabu. Nikamwekea mezani ule uliomeguka, kauhesabu mwenyewe: vipeo tisa. Karudia: kumi na kimoja. Kanitupia karatasi ya siku nne, na niliondoe balaa hilo mezani kwake. Begi tayari: shati moja, michemraba miwili, mzima na kilema, kila mmoja kilo nane. Nguo nyingine zimekosa nafasi. Nimefanya mazoezi ya maneno. "Mwalimu yuko sahihi" yanatoka vizuri. Ya kumwambia binti — bado. Mpaka rangi kajifanya ndiye binti, kanikodolea macho, nikakwama hapo hapo. Natoka kesho alfajiri. Natarajia kufika nyumbani Jumatatu saa moja asubuhi, kabla hajaenda kukaa nje.