Mahali Nilipomlaza Mama Yako

Goma, tarehe 9 Julai 1957

Mpendwa mwanangu Béata,

Tumsifu Yesu Kristo. Nianze na neno ambalo kwa desturi ningeliweka mwisho, maana siku hizi mkono wangu unachoka kabla karatasi haijajaa. Mama yako, marehemu dada yangu Nyiransengimana, hakuuawa na ziwa. Nimekuficha jambo hili tangu mwaka 1934, wewe ukiwa mtoto wa miaka saba, na nimewaficha wengine wote.

Sasa nikuamkie kama inavyopasa. Hujambo, mwanangu? Mume wako Hilaire hajambo? Na watoto je, yule mdogo ameshaota meno ya mbele? Nasikia kiangazi hiki huko Bukavu asubuhi kuna baridi kali. Uwavike vizuri.

Mimi si mzima. Miguu imevimba hadi magotini, na daktari anasema maji yamepanda kifuani. Nalala nimeketi, mito minne mgongoni. Padri alinipaka mafuta matakatifu Jumapili iliyopita. Athanasie binti yangu ananilisha uji kwa kijiko na kunigombeza: "Papa, weka kalamu, utakufa na wino mu vidole." Nimemjibu kwamba mwalimu asiyekufa hivyo hakufundisha sawasawa. Alicheka, kisha akatoka nje haraka.

Barua yako ya tarehe 24 Juni nimeisoma mara tatu. Nimefurahi kwamba chama cha makarani kimepata mashua ya mota kwa siku tatu, na kwamba wake na watoto wamealikwa kuzunguka ziwa kwa mapumziko, si kwa kazi. Baba zetu walivuka maji hayo kwa kukimbia au kwa kupeleka mizigo, basi. Nilicheka niliposoma kwamba Hilaire amenunua kofia ya jua na anafanya mazoezi ya kusimama mguu mmoja uani ili mawimbi yasimwangushe. Mwambie mawimbi hayaogopi karani.

Umeniuliza ufanye nini na kichefuchefu, kwa sababu hata kwenye lori, katika kona za mlima, ulitapika mpaka ukaona nyota. Usione haya. Mimi mwenyewe nimetapika mbele ya askofu.

Usipande na tumbo tupu, wala usipande umeshiba. Asubuhi hiyo kula muhogo wa kuchemsha au mkate mkavu, na uache maharage na mafuta ya mawese hadi urudi nyumbani. Maziwa pia uyaache, hata kama mama mkwe atakusukumizia kikombe. Keti katikati ya mashua, si mbele inakoruka wala nyuma unakokaa moshi wa mota. Tafuna kipande cha tangawizi polepole, na ndimu uiweke karibu na pua. Usisome kitu, usishone, usimwinamie mtoto kumfunga viatu. Tazama mlima ulio mbali. Jicho likishika kitu kisichotikisika, tumbo nalo hutulia. Upepo wa ziwa huamka mchana, kwa hiyo safari za asubuhi ndizo nzuri. Na uchukue kopo lenye kifuniko.

Hayo ni rahisi, na ningependa barua iishie hapo.

Lakini uliniuliza pia kama ni dhambi kuvunja mwiko wa nyumba yetu, kwamba wanawake wa damu yetu wasipande ziwa kwa sababu liliwahi kumchukua mmoja wao. Mwiko huo si wa mababu, Béata. Niliutunga mimi, siku ya matanga, mbele ya watu, ili wasiulize zaidi. Baba yako Ndayambaje ndiye aliyekuwa amempandisha mama yako mashuani, na kwa neno langu hilo ukoo ulimhesabu kuwa ndiye aliyemtoa kwa maji. Alikaa peke yake karamuni miaka kumi na mmoja hadi alipokufa. Nami nilikuwa nikimpelekea tumbaku.

Kisha kuna ile karatasi ya ratiba uliyoikunja ndani ya barua. Imeandikwa vizuri kwa mashine. Siku ya pili, Jumapili tarehe 21, kabla ya kuingia Goma, mashua itatia nanga upande wa kwenda Sake, kwenye ufuko wa mawe meusi, abiria washuke wale chakula "katika bonde dogo lenye majani mabichi, mahali patulivu pasipo upepo". Nilipofika kwenye maneno hayo nilimwomba Athanasie afungue dirisha.

Nawe umeandika kwamba ukishuka umelegea utafanya kama bibi alivyotufundisha: kulala tumbo chini, shavu kwenye udongo, mpaka ardhi iache kuzunguka na ikutambue tena. Ni desturi yetu, nami sikuwahi kuikataa. Mahali pengine popote haina madhara. Pale, inaua.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mama yako alikuja Julai ile kumsimamia Athanasie katika ubatizo. Mawimbi yalizuia mashua kufika bandarini, ikashusha watu kwenye ufuko uleule, mapema asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kumpokea. Alishuka ameshikwa mikono miwili, uso umekuwa kama majivu, akanicheka hata hivyo: "Kaka, umenona. Watoto wa shule wanakupikia?" Kisha akatapika juu ya viatu vyangu.

Mawe ya pale ni makali, yanakata nyayo. Mahali pekee palipokuwa laini ni shimo moja pana, kina chake kama kimo cha mtu, limeota majani mabichi chini. Nikaanza kumteremsha humo. Pembeni walikuwapo wanawake wakingoja samaki wa kupeleka soko la Kituku, na mmoja wao, Kadidja, aliyekuwa akiwauzia samaki watu wa misheni, akaweka kikapu chini.

"Mwalimu, usimulalishe pale. Pale kuko mazuku. Jana tu mbuzi ya Muzee Kitwana ilifia pale."

Unajua neno hilo. Wavuvi huita hivyo kitu kisichoonekana kinachoua wanyama na watoto katika mashimo ya mawe, na wakati ule wengi walisema ni roho mbaya. Mimi nilikuwa nimefundisha katekisimu miaka tisa. Mwezi uleule nilikuwa nimesimama kanisani nikawakemea watu kwa ajili ya hirizi. Nikamwambia:

"Mama Kadidja, mazuku yako yanaogopa rozari."

Naye akanijibu papo hapo: "Mazuku haiko mu-Katoliki, mwalimu. Haijuwe kusoma rozari."

Watu walicheka, mwanangu. Wavuvi walicheka, wanawake walicheka, na baba wa wanafunzi wangu wawili, waliokuwa wakifunga nyavu, walicheka kuliko wote. Nikamteremsha mama yako hadi chini kabisa, nikamlaza kama bibi alivyofundisha, tumbo chini, shavu majanini. Kisha nikapanda, nikaketi ukingoni, nikawapa watu mgongo, nikatoa kitabu cha sala.

Sikumaliza kurasa mbili. Nilipomwita hakuitika. Niliruka ndani, na nilipoinama kumbeba kichwa kiligonga kama ngoma na miguu ikataka kukunjika. Wavuvi walinivuta kwa kamba wakiwa wameziba pumzi, kisha wakamvuta yeye. Uso wake ulikuwa umetulia. Kadidja alimfunga kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akaendelea kuniuzia samaki hadi alipozeeka.

Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba alishushwa akiwa tayari mfu, kwamba ugonjwa wa ziwa ulimmaliza njiani. Wavuvi walinyamaza kwa sababu nilikuwa mwalimu wa watoto wao.

Miaka mingi baadaye bwana mmoja wa kupima miamba alilala misheni, akatueleza mezani. Si roho. Ni hewa nzito inayotoka ardhini penye mawe ya volkeno. Haina rangi, mara nyingi haina harufu, inajaa mashimoni kama maji yanavyojaa bakuli. Mtu aliyesimama aweza kupita salama, na mtoto anayemfuata akaanguka. Taa ikishushwa humo inazimika. Alfajiri, kabla upepo haujapita, ndipo inapokuwa mbaya zaidi. Alieleza kwa furaha, huku akimega mkate. Mimi nikaomba ruhusa, nikatoka.

Basi nisikilize. Kupanda mashua, panda, hakuna mwiko. Lakini pale msishuke. Mwonyeshe Hilaire barua hii, yote, hata yale ya aibu yangu, naye awaonyeshe wakubwa wa chama. Wakale chakula chao Kituku, ingawa pana kelele na inzi na harufu ya samaki. Watu wakicheka wakisema ni habari za wavuvi, waache wacheke, nawe ubaki mashuani na wanao. Ukifika Goma na dunia bado inazunguka, keti kitini mahali pa juu penye upepo. Ardhi itakutambua ukiwa umeketi.

Barua hii haiendi posta, naogopa itachelewa. Hassani, dereva wa lori, mtu wa Maniema anayeswali na asiyeapa ovyo, anaondoka kesho asubuhi kuja huko. Ameniapia kwamba ataiweka mkononi mwako. Lakini barabara ya Kalehe iliporomoka wiki jana, na nikihesabu siku hadi tarehe 20 sipati usingizi. Ikikufikia, nipigie telegramu ya neno moja tu: "Nimesoma." Sidai neno la kunisamehe. Kama sitakuwepo, Athanasie ataipokea na ataelewa.

Nisalimie Hilaire, umwambie kofia ya jua aifunge kwa kamba. Nisalimie shangazi yako Mukabalisa, na umsomee sehemu inayomhusu kaka yake Ndayambaje, kwa sauti, mbele ya wale waliomtenga. Nisalimie mzee Nsanzimana kama bado anaona. Wabusu watoto, kila mmoja kwa jina lake. Athanasie anakukumbatia, hajui bado yaliyomo humu, nitamwambia leo baada ya chakula.

Mungu aliyewavusha wengi akuvushe nawe, akurudishe nyumbani kwako ukiwa unalalamika tumbo tu. Mama yako akuombee, yeye anayejua ukweli tangu zamani.

Nilitaka kutia jina langu hapo. Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu, Athanasie amekuja mara mbili kuuliza kama nimemaliza. Nimeungama kwa padri kwamba nilionywa nikakaidi, naye aliniondolea dhambi hiyo. Sikumwambia lililobaki, kwa hiyo sijui kama liliondolewa.

Mama yako hakulala kimya mle shimoni. Nilipokuwa nimeketi ukingoni aliinua kichwa, akaniita jina la utotoni. Akasema: "Kaka, kifua kinabana hapa. Unipandishe juu." Nilimsikia vizuri. Palikuwa hatua tatu tu kati yetu. Nikamjibu bila kuinua uso wangu kutoka kwenye kitabu: "Lala, watu wanatutazama." Naye, kwa kuwa nilikuwa kaka yake mkubwa, na mwalimu, akalala.

Mjomba wako, aliyekupenda siku zote kwa woga,

Wenceslas Munyakazi