Sukuma Kwenye Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi Mji wa Ngazi! Miaka kumi na minane, na wigi ni lile lile — nywele nyeusi zenye michirizi ya manjano, nywele za Nyigu, bado zinawasha kichwani kama zamani. Mama wa mavazi amenivalisha, akarudi nyuma hatua mbili, akasema sijabadilika hata kidogo. Mwongo mkubwa. Mkanda umekataa kufunga.

Vile vitabu vitatu vya Mji wa Ngazi nilivisoma nikiwa na miaka kumi na sita, nikavirudia mpaka majalada yakang'oka. Mji mzima ni ngazi moja. Aliyezaliwa chini hapati maji wala hewa safi, na kila mwaka wasichana wa chini wanapigana ili mmoja wao apande kidato kimoja. Nyigu ndiye aliyepanda mpaka juu akamwangusha Mtawala. Nililia! Halafu wakatengeneza filamu, na mimi nikapata kazi ya kuwa mwili wake. Uso ulikuwa wa staa. Ngumi, moto na kuanguka vilikuwa vyangu.

Sasa kimetoka kitabu kipya na shujaa mpya, msichana wa kidato cha chini kabisa ambaye hata jina hana, wanamwita Namba Tisa. Na adui yake ni nani? Nyigu! Amezeeka, amekuwa Mtawala yeye mwenyewe. Nilipofika ukurasa ule nilikitupa kitabu ukutani. Baada ya dakika tano nikaenda kukiokota.

Kwenye filamu yake, mwili wa Namba Tisa ni Msumari, binti yangu. Miaka kumi na tisa, mwembamba, mgumu, hapindi, ndiyo maana ya jina. Kwa wiki mbili nitampiga mbele ya kamera, kisha nitamsukuma kutoka juu ya ngazi. Vidato ishirini na sita, mbao juu, chuma chini. Kwenye ngazi kama hiyo ndipo nilipovunjika shingo.

Jumatano, 6 Machi

Nimempasua mdomo.

Kocha wetu wa mapigano alitupangia vizuri. Kiwiko changu kipite mbele ya pua yake, nafasi ya vidole viwili. Msumari akaingia ndani. Makusudi! Nilisikia meno. Akatema damu kwenye godoro, akajifuta kwa mkono, akasema, "Tena, mama." Nikamwambia umeingia mwenyewe. Akasema Namba Tisa angeingia. Namba Tisa ni wa karatasi, nikamwambia, haendi kwa daktari wa meno. Kocha akacheka mpaka akakaa chini.

Mchana tukaanza ngazi, kutoka kidato cha tano tu. Sheria ni ile ile. Anayesukuma hasukumi, mkono unagusa kifua basi. Kocha anahesabu mpaka tatu, na anayeanguka ndiye anayejirusha, kwenye tatu, pumzi nje, kidevu kifuani, mikono ndani. Anayeanguka ndiye bosi. Msumari anaanguka vizuri kuliko nilivyowahi mimi. Namwangalia akibiringika, kisha anasimama na kujipangusa vumbi makalioni.

Mimi nilichelewa siku ile. Pumzi bado ndani, kidevu juu. Wiki kumi na nne kitandani na chuma kichwani, mtoto ana mwaka mmoja, bibi yake anamlea. Kosa langu. Sijawahi kumlaumu mtu, wala Kocha aliyenisukuma.

Ijumaa, 8 Machi

Amejua.

Nilimwomba Kocha kimyakimya amtoe Msumari kwenye onyesho la moto, ampe mwingine, aseme ni mambo ya bima. Leo Kocha kakosea kidogo tu kusema, na Msumari si mjinga. Alikuja chumba cha kubadilishia nguo akaupiga mlango teke, kitasa kikaruka. Akanirushia ngao. Ngao ya plastiki, lakini imenipata begani na bega limevimba.

Maneno ndiyo yaliyouma zaidi. Kwamba nilimsomea vitabu vile tangu hajui kusoma, nikamfundisha kwamba msichana hapaswi kumngoja mtu amruhusu, halafu nampiga chenga nyuma ya mgongo wake. Kwamba naogopa atanizidi. Nikamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Nikanyanyua mkono — mkono wa kweli — akauangalia tu, akasema, "Piga basi, hapa hakuna kamera."

Nikaushusha. Akaondoka, akanitangulia kwa mabasi mawili. Nyumbani hatusemeshani.

Jumatatu, 11 Machi

Wapenzi wa Nyigu wamenipiga mawe!

Walijaa getini, watu wazima na watoto wao, wamejichora michirizi ya manjano mashavuni, na mabango yanasema Nyigu hasukumi mtu. Mimi nilitoka kununua maji na wigi kichwani. Ujinga wangu. Mwanamke wa rika langu akanishika mkono, machozi yanamtoka, akaniuliza tumemfanya nini Nyigu wetu. Nilitaka kumwambia dada yangu, hata mimi nilikitupa kitabu ukutani. Chupa ikaja kabla sijafungua mdomo. Kisha mawe. La pili lilinipata juu ya jicho. Nyuzi nne.

Nilichoona baada ya hapo, kwa jicho moja, ni Msumari akiruka kizuizi. Alimpata mrusha mawe kwa ngumi ya kweli, pua ikaenda upande. Akamkalia kifuani akaendelea. Pa! Pa! Yule kijana analia kwamba yeye anampenda Nyigu tu. Walinzi watatu ndio waliomwinua, na mmoja aling'atwa.

Kwenye chumba cha daktari alinishikia bandeji, vifundo vyake vimechubuka. Kisha akasema bado nimekukasirikia. Sawa, nikasema. Lakini roho ilitulia, siwezi kujidanganya.

Alhamisi, 14 Machi

Mwandiko huu hata mimi sitaweza kuusoma kesho.

Dairekta aliniita nyuma ya ukuta wa mbao wa seti. Ni yule yule wa miaka ile, kitambi tu ndicho kipya. Akasema Jumamosi ndiyo ngazi. Akasema Msumari ana kasoro moja, anaanguka vizuri mno. Mwili wake unajua unakokwenda. Yeye anataka mwili usiojua. "Msukume kwenye mbili," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nikamwambia atavunjika.

"Wewe si hukufa?"

Sikuelewa. Akacheka kwa mshangao wa kweli, nadhani. Kumbe Kocha hajawahi kuniambia! Alidhani tulishalicheka zamani. Kuanguka kule, akasema, ndiko bora kuliko kote alikowahi kupiga picha, watu bado wanakuzungumzia.

Mbili. Walinisukuma kwenye mbili.

Sikumbuki kuamua. Nilikuwa nimeshamkaba koo, kisogo chake kinagonga mbao, moja, mbili, tatu — na tatu nilimpa kamili. Miguu yake inatafuta sakafu. Uso umekuwa rangi ya ini. Na nilikuwa na raha, niandike ukweli, nilikuwa na raha ambayo sijaipata miaka mingi. Ningeendelea. Kilichomwokoa ni sauti ya Msumari upande wa pili wa ukuta, ananitafuta, mama uko wapi, gari linaondoka.

Nikamwachia. Akakohoa, akajishika shingo, akarekebisha kola. Akasema macho hayo hayo, Jumamosi nayataka. Na kama mimi sitaki, wigi litamkaa mwingine.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimkuta Kocha anakunja magodoro. Nikamuuliza, ulinisukuma kwenye ngapi?

Aliendelea kukunja. Alipofika la mwisho akalikalia. Aliambiwa, akasema. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Huyu mtu aliniletea machungwa hospitali kila Jumapili! Wiki kumi na nne! Alinimenyea kwa sababu sikuweza kuinamisha kichwa. Na mimi kila mara nikimwambia samahani, nilichelewa, nimekuharibia onyesho.

Nikampiga kofi. Hakukinga, yeye aliyetufundisha sote kukinga. Nikampiga la pili, na hilo halikunisaidia kitu. Damu ilimtoka puani ikadondokea godoro na wala hakuifuta.

Nikamuuliza, nikikataa kesho, wigi atavaa nani? Akaiangalia mikono yake, ile ile.

Jioni jikoni nikamweleza Msumari yote. Alikuwa ameweka mfuko wa barafu mbavuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitalikana. Kisha akasema, "Umemaliza? Kwanza moto, sasa ngazi. Kesho utaniambia nini, kamera zina sumu?" Nikaapa. Nikamwonyesha kovu la shingoni, kama vile hajawahi kuliona. Akasema kovu analijua, na siku zote nilisema nilichelewa mwenyewe. Niliposema uongo alikuwa anauamini. Sasa nasema kweli, na sura yangu ni ile ile.

Basi. Wigi nitalivaa mimi. Mkono ukiwa wangu, utangoja tatu.

Jumamosi, 16 Machi

Saa nne. Teki ya kwanza, kamera zinarekodi. Moja, mbili, tatu, nikamgusa, akajirusha. Safi! Alitua chini kabisa, akanyoosha kidole gumba. Mafundi wa taa walipiga makofi. Dairekta ana skafu shingoni leo, joto lote hili. Akasema tena.

Saa tano. Ya tatu. Kiwiko kimevimba. Tena.

Saa sita na nusu. Ya tano. Kidato cha chuma kimemchana sikio, nyama inaning'inia kidogo, daktari ameibandika kwa gundi. Kocha alikwenda kwa Dairekta akasema inatosha. Akajibiwa kwa sauti, ili nisikie mimi, kwamba tutaendelea mpaka mwili uache kujua. Msumari naye alisikia. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kidato cha mwisho. Akageuza kichwa akanitazama juu, kutoka chini kabisa mpaka kwangu.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Ningetoa nini nisiisikie sentensi hiyo hapo!

Saa saba. Ya sita. Nimemgusa kwenye tatu kama nilivyoapa. Safari hii hakuwa na nguvu ya kujirusha mbali, akaziparamia mbao kwa mgongo, zote. Nilizihesabu. Amekojoa damu kidogo, hakutaka daktari ajue, kaniambia mimi tu.

Nimevua wigi. Nimemwambia twende nyumbani, sasa hivi, waende wakalale na ngazi yao. Nimekaa hapa kwenye sanduku la taa, naandika ili nisiende kumuua yule mwenye skafu. Msumari kakaa karibu yangu, wanambadilishia pedi za kukinga mgongo. Amenionyesha upande wa mlango kwa kidevu. Msichana wa akiba yuko tayari, ameshavaa nguo za Namba Tisa, anarukaruka kupasha misuli na anacheka na mama wa mavazi. Kocha amesimama nyuma yake. Hana habari, Msumari akasema. Yule atasukumwa kwenye mbili na atatuomba msamaha kwa kuchelewa.

Nikasema tumwambie. Akasema hata mimi uliniambia.

Kisha akaniinamia, ananuka dawa na jasho, akanong'ona. Mama, teki moja tu, Dairekta apate anachotaka na yule msichana asipande. Sukuma unapotaka. Mbili, au moja, au kabla ya moja. Usiniambie. Nikijua mwili utajua, na mwenye skafu ataona.

Nikamwambia siwezi. Akasema mkono wangu anauamini, wa Kocha hauamini. Akaokota wigi sakafuni, akalikung'uta, akanivalisha yeye mwenyewe, akanipangia nywele za mbele taratibu zisiguse nyuzi zangu. Hakuna aliyewahi kunivalisha vizuri hivyo. Nililia na nikamwacha amalize.

Wamewasha taa. Ameshapanda, polepole, anashika ukuta. Amesimama kidato cha juu na ameipa ngazi kisogo. Kocha chini ameinua mkono wa kuhesabia. Msumari ananiita, na haniiti Nyigu, ananiita mama. Namba bado sijachagua.