Mara Moja kwa Aliye Hai

Dubai Investments Park,
4 Mei 2025

Binti yangu Edna,

Habari za Muleba na za shule? Bibi na goti lake wanaendeleaje? Mimi mzima, ila tumbo limeanza kunitangulia mlangoni.

Simu zangu hupokei tangu tulipomzika mama yako Januari. Basi naandika kwa mkono, Deus wa chumbani kwangu anapiga picha na kumtumia shangazi yako Paskazia. Mwandiko wa kuku huo, nivumilie.

Kampuni yetu ya ulinzi imepata kazi Al Barsha, kwenye tamasha la mashabiki wa Wakorea, wale waimbaji wako wa ukutani. Nitasimama mlangoni. Nikuletee nini?

Baba yako,
Protas

Muleba,
6 Mei 2025

Baba,

Barua nimeipata. Bibi mzima. Umeandika "tulipomzika." Wewe hukuwepo. Picha za ukutani nilishazibandua. Usilete kitu.

Edna

Dubai Investments Park,
19 Mei 2025

Mwanangu Edna,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, miguu tu. Barua yako nimeisoma mara nne. Shikamoo niliitafuta hadi nyuma ya karatasi, nikakumbuka ni picha, haina nyuma.

Tamasha limekwisha. Vijana wa kila nchi, nywele rangi ya waridi, vitaa mkononi. Mmoja wa Kizanzibari, Lujain, akaniuliza, "Ami, mbona huimbi?" Nikamwambia nikiimba mimi ukumbi utabaki mtupu. Ila kelele zote zilinipita tu. Tangu Januari kila kitu kinanipita hivyo, kama natazama watu nyuma ya kioo.

Kulikuwa na chumba cha mila. Madam mmoja wa Kikorea alikuwa anafundisha vijana kuwasalimu wazazi, na mzee wake wa kusalimiwa hakutokea. Akamwomba bosi wangu, sir Mubin, mlinzi mwenye mvi. "Yalla, Protas!" Wakanivika joho la bluu, likagoma kufunga tumboni, wakalibana kwa pini, wakanikalisha juu ya mto. Vijana wakapanga foleni. Mikono kwenye paji la uso, magoti, kisha kichwa hadi sakafuni. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinipigia goti asubuhi na kikombe cha chai mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuwaombea heri. "Ukue, mwanangu," nikawa nawaambia.

Zamu ya Lujain, akainama, akasimama, akainama tena. Alidhani akizidisha ndiyo adabu. Madam akamdaka bega. "Hapana! Mara moja kwa aliye hai. Mara mbili ni kwa marehemu."

"Nisamehe ami, nimekuzika!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila uso niliuhisi kama wa mtu mwingine. Nilijiambia, huyu mtoto hajakosea sana.

Sikiliza, Edna. Niliwaambia kampuni imeninyima ruhusa ya kuja kuzika. Si kweli. Sikuomba. Sir Mubin angenipa siku ileile. Niliona nisipokuja, mama yako atakuwa bado yupo jikoni, amenuna kwa sababu sijapiga simu. Siku ya mazishi nikaingia zamu, nikahesabu watu mlangoni. Sikulia. Hata leo sijalia, na sijui machozi yamekwama wapi.

Ukininyima shikamoo, sasa unayo sababu kamili.

Baba yako,
Protas

Dubai Investments Park,
30 Juni 2025

Edna,

Natumaini mko salama. Huku joto tu. Najua hujajibu, sikukimbizi. Nimeomba likizo. Sir Mubin amesaini papo hapo, hata kalamu haikupumzika. Nafika Muleba tarehe kumi na sita Agosti.

Baba yako,
Protas

Muleba,
3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo.

Habari za huko na joto? Bibi mzima, goti ndilo linamsumbua. Barua ya tamasha nilikaa nayo. Shangazi mwandiko wako unamshinda, akaniuliza umeandika nini, nikamwambia habari za waimbaji. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Jana nilikwenda kung'oa magugu kaburini kwa mama. Nikafanya kama alivyofundisha yule madam. Mikono kwenye paji, chini, juu, chini tena. Bibi alikuwa kwenye migomba, akaniita, "We Edna, umedondosha nini?"

Ukija sitakuja stendi kukupokea. Nitakuwa nyumbani. Nitakuinamia mara moja.

Mwanao,
Edna