Daraja la Mirongo na Jembe la Mama Koku

Jumapili, baada ya chakula

Bado namfikiria Mama Koku, balozi wetu wa nyumba kumi. Jana kwenye mkutano wa mtaa karibu wote tulinyoosha mikono kutaka ukumbi, si daraja la mtoni. Ramani ya ukumbi niliichora mimi, kwa hiyo nilifurahi. Akasimama Mama Koku, muuza ndizi: "Ndugu Mwenyekiti, kunyoosha mkono hakuchoshi. Kesho kila mtu aje na jembe, asimame pale atakapochimba."

Nilikasirika. Nikaona anatupotezea muda.

Leo asubuhi kiwanja cha ukumbi kilikuwa na watu wawili, mimi na Mwenyekiti. Wengine wote walikuwa mtoni Mirongo, pale wanafunzi wangu wanapovukia bila daraja kuja shule, hata maji yakijaa. Mji mkubwa hivi, na mimi mwalimu wao nawaza ukumbi!

Tulishuka mtoni. Nilidhani Mama Koku atanicheka. Akasema tu, "Karibu, Mwalimu. Jembe liko wapi?"

Sikuja nalo. Nilikuwa na kalamu tu mfukoni.

Akanipa la kwake. Sasa viganja vimechubuka, kalamu yenyewe inaniuma kuishika, na ramani ya daraja anaitaka kesho.